Nani akae na nani: mwongozo kamili wa kuchagua samaki wa tenki lako la kwanza la maji chumvi

Wakuu, wengi wanaoanza tenki la maji chumvi wanaumiza kichwa wiki nzima kwenye filta, taa na aina ya chumvi, halafu samaki wenyewe wanachaguliwa dukani kwa dakika kumi kwa kuangalia rangi. Ndo hapo mambo yanapoharibika. Pampu mbovu unabadilisha kesho yake, ila samaki mbabe akishazoea mwamba wako kumtoa ni shughuli, utatoa jiwe moja moja mpaka tenki libaki tope tupu. Kwa hiyo mi naanzia kwa samaki: orodha iandikwe nyumbani, na mpangilio wa nani anatangulia nani anafuata uwe umeshaamuliwa kabla hujatia mguu dukani.

Tenki ninaloliongelea hapa lina urefu sm 120, upana sm 45 na kimo sm 45, yaani lita kama 240, ukishaweka mawe na mchanga maji yanabaki lita 200 hivi. Unaweza kuanza na dogo zaidi lakini ujue dogo ndo gumu, maji machache yanabadilika haraka, samaki mmoja akifia nyuma ya mawe we hujui, asubuhi unakuta wenzake nao wanahema juu juu.

Kwanza maji yaive

Hapa sitakaa sana. Kinyesi na mabaki ya chakula yanatoa amonia, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Hao bakteria wanahitaji kama wiki 4 mpaka 6 kujijenga kwenye mawe, na muda wote huo tenki halina samaki hata mmoja, unatia amonia ya chupa kidogo au unaacha kipande cha kamba (yule wa kuliwa) kiozee humo. Kwenye maji chumvi amonia ni kali zaidi kwa sababu pH yake (kipimo cha uchachu wa maji) iko juu, 8.1 hadi 8.4, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka kuwa ile yenye sumu. Ile tabia ya zamani ya kutupia damseli (samaki wadogo wagumu na wagomvi) watatu "waivishe maji" achana nayo, wanateseka bure, na wakipona ndo wanajiona wenye nyumba, kila utakayemleta baadaye anakula kichapo.

Tenki limeiva siku ambayo amonia inasoma 0, nitriti inasoma 0, na ukiongeza amonia kidogo inaisha ndani ya saa 24. Chumvi iwe 1.025 kwenye refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), ambayo ni kama gramu 35 kwa kila lita, joto nyuzi 25 au 26.

Joto sasa. Mlioko Nairobi, Arusha, Mbeya mtanunua hita. Wa Dar, Mombasa na Tanga shida yenu ni kinyume, Januari na Februari chumba kinagonga nyuzi 31, 32 na maji yanafuata humo humo, na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, halafu maji chumvi hata yakiwa ya kawaida yanashika kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu, ila kila siku itabidi ujazie maji yasiyo na chumvi maana maji yanavukiza, chumvi inabaki. Na umeme wetu tunaujua, so pampu ya hewa ya betri iwepo ndani kabla ya samaki wa kwanza.

Maswali ya kumuuliza kila samaki

La kwanza ni ukubwa. Samaki wengi dukani ni watoto. Kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, utamkuta ana sm 5 anapendeza kweli, huyo anafika sm 30 na ni samaki wa kukimbia mbali, tenki lako la sm 120 anageuka kabla hajaanza kuogelea. Zile kanuni za sentimita kadhaa za samaki kwa lita kadhaa mi siziamini, kwa sababu samaki mmoja wa sm 20 anakula, anachafua na anatawala kuliko gobi kumi wa sm 2.

La pili, mdomo. Samaki wa baharini hana undugu, chochote kinachoingia mdomoni ni chakula, na midomo ya wengine inafunguka kuliko unavyodhani.

La tatu ndo watu wanalisahau: anafanana na nani? Kwenye mwamba ugomvi ni wa chakula na wa shimo la kulala, kwa hiyo samaki anamchukia zaidi yule anayemwona ni mshindani wake, yaani mwenye umbo lake, rangi yake au chakula chake. Mfano mzuri ni grama wa Karibiani, Gramma loreto, zambarau mbele njano nyuma, na Pictichromis paccagnella wa Pasifiki ambaye naye ni zambarau mbele njano nyuma. Mmoja katoka Atlantiki mwingine upande mwingine wa dunia, hawajawahi kukutana tangu dunia iumbwe, ila waweke kwenye tenki moja uone, kila mmoja anaamini mwenzake kaja kumpora pango, na huyo wa Pasifiki ndo mkorofi zaidi.

La nne, anakaa ghorofa gani? Tenki lichukulie kama nyumba ya ghorofa, kuna wa mchangani, kuna wa kwenye mapango, kuna wa katikati na kuna wa juu. Ukijaza wote ghorofa moja watagombana hata kama ni wapole. Na la mwisho, anakula nini, na je, hicho chakula unaweza kukipata kila wiki hapo ulipo?

Kikosi chenyewe

Kwa tenki hili mi nasema samaki sita, basi. Majina ya kisayansi nimeyaweka makusudi kwa sababu majina ya dukani yanachanganya.

Klauni wawili, Amphiprion ocellaris, yule wa chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Chukua waliozalishwa kwenye matenki, wameshazoea chakula cha peleti na hawaji na vimelea vingi. Klauni wote wanazaliwa na uwezo wa kuwa dume, anayekuwa mkubwa ndo anageuka jike, so we nunua wadogo wawili wasiolingana ukubwa na usihangaike kuuliza jinsia. Wiki za mwanzo utamwona mdogo kalala ubavu anatetemeka mbele ya mkubwa, watu wanadhani anaumwa kifafa, hapana, hapo anasalimu amri, na ndo dalili nzuri kwamba ndoa imekubali. Wa tatu usiweke, atapigwa mpaka afe. Aina mbili za klauni usichanganye. Na yule mwekundu wa damu ya mzee, Amphiprion biaculeatus, jike lake linazidi sm 15 na lina roho mbaya, mwache.

Anemoni je, yule mnyama laini wa minyiri ambaye klauni hukaa ndani yake baharini? Hawamhitaji. Anemoni anataka taa kali na tenki lililokomaa angalau mwaka hivi, na akifa anachafua maji yote. Klauni wako watalala kwenye kona ya kioo au karibu na pampu na watakuwa na furaha zao. Kwenye miamba yetu kuanzia Kenya kushuka Tanzania wapo klauni wa kwetu, Amphiprion akallopisos mwenye mstari mweupe mgongoni na Amphiprion allardi mwenye mistari miwili, ni wazuri sana, ila ukiwapata kwa kawaida ni wa kuvuliwa na kwa mtu wa kwanza naona waendelee kukaa baharini.

Fayafishi mmoja, Nemateleotris magnifica, mweupe kichwani na mwekundu mkiani, ana pezi refu la mgongoni analolipandisha na kulishusha. Hata bahari yetu anapatikana. Mwoga kupita kiasi na anaruka, akishtuka tu kesho unamkuta sakafuni kakauka, kwa hiyo mfuniko wa wavu ni lazima, vitundu vya milimita 6 hivi vinatosha, mwanga na hewa vinapita. Wawili ambao si mume na mke watafukuzana mpaka mmoja aruke.

Kadinali wa Banggai mmoja, Pterapogon kauderni. Asili yake ni visiwa vya Banggai huko Indonesia, na tangu 2007 yupo kwenye orodha ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) kama aliye hatarini kutoweka, so dai aliyezalishwa. Ni samaki wa kuelea tu katikati ya maji, mpole, mvivu, na dume ndo anayebeba mayai mdomoni. Watu wananunua watano wakiwa wadogo kwa sababu wanapendeza wakiwa kundi, halafu miezi michache baadaye wamepigana mpaka wamebaki wawili.

Grama loreto mmoja, niliyemtaja juu. Sm 8, anakaa pangoni, mara nyingi utamkuta kaelea tumbo limeangalia dari la pango na hilo ni jambo la kawaida kwake. Akikusogelea na mdomo wazi hana maana ya kukung'ata, anatisha tu.

Halafu gobi mlinzi wa njano, Cryptocentrus cinctus, na ukiweza mpatie kamba bastola wa jamii ya Alpheus wakae naye. Hapa ndo utaacha kuangalia TV. Kamba haoni vizuri, kazi yake kuchimba, anatoka shimoni anasukuma mchanga kama buldoza, na kila akitoka antena yake moja imemgusa gobi muda wote. Gobi yuko mlangoni anaangalia. Akiona hatari anachezesha mkia kidogo tu, mara moja wote wawili wamepotea ndani. Angalizo moja: mawe yako makubwa yakae juu ya kioo cha chini, mchanga uje baadaye kuyazunguka, ukiyaweka juu ya mchanga kamba atachimba chini yake na mwamba utashuka.

Wa kuacha hata ukipewa bure

Damseli domino, Dascyllus trimaculatus, mweusi mwenye vidoa vitatu vyeupe. Bei rahisi, hafi kirahisi, na ndo sababu wauzaji wanampenda. Anafika sm 14 na akishakua tenki zima ni lake. Ukitaka damseli kwa lazima kuna wa mkia wa njano, Chrysiptera parasema, ana nafuu, aingie mwisho. Rasi wa mistari sita naye wengi wanamsifia, mi nimeona akiwazuia fayafishi kutoka shimoni hadi wanakonda, sitampendekeza kwa tenki la wapole.

Kangaja wa aina zote, siyo kwenye tenki hili. Yule wa bluu ya mbingu wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, ni mzuri kuliko wote na ndo wa kwanza kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe, halafu ni mgomvi.

Kikande na bunju wana akili, wanakujua ukiingia chumbani, ila meno yao yameumbwa kuvunja magamba, konokono na kamba wako wataisha na mapezi ya wenzao yatanyofolewa. Mkunga, chewa na samaki simba ni suala la mdomo tu, na samaki simba miiba yake ina sumu, mwenye watoto nyumbani afikirie mara mbili. Hao wote wanaweza kuwa na tenki lao baadaye, ni hobi nyingine kabisa.

Halafu kuna kundi linalonisikitisha, wasiomsumbua mtu ila wanakufa njaa. Mandarini, Synchiropus splendidus, anadonoa vijidudu vidogo sana kwenye mawe mchana kutwa, tenki jipya halina hivyo vijidudu, atakonda taratibu mpaka umwone mbavu. Samaki daktari anayesafisha wenzake, Labroides dimidiatus, anategemea vimelea na ute wa samaki wengi, samaki sita hawamtoshi. Samaki vipepeo wengi wanakula matumbawe hai. Zanclus cornutus mwenye pezi refu jeupe, hata wazoefu anawashinda.

Mnaokaa pwani najua mnachowaza, bamvua maji yakipwa vidimbwi vimejaa samaki wa bure. Kwanza ndani ya hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, ambazo zipo tangu 1968, au Chumbe kule Zanzibar, hairuhusiwi kugusa chochote, na nje ya hifadhi biashara ya samaki wa mapambo ina leseni zake. Matumbawe hai usivunje popote pale. Pili, mtoto wa samaki wa sm 2 hujui ni nani, unaweza kuwa unafuga chewa.

Nani aingie lini

Kanuni ni moja, mwoga atangulie na mbabe amalizie, maana wa kwanza kuingia ndo anagawa viwanja. Wiki ya kwanza baada ya maji kuiva ingiza konokono, wasafishe mwani utakaokuwa umeanza. Kisha gobi na kamba wake pamoja na fayafishi. Subiri wiki mbili hadi tatu ukipima amonia, kwa sababu kila samaki mpya ni mzigo mpya kwa bakteria, nao wanahitaji muda kuongezeka. Kisha kadinali. Tena subira. Grama. Mwisho kabisa klauni wawili kwa pamoja siku moja. Najua wengi wanaanza na klauni kwa sababu ndo waliyemtaka, ila klauni akitangulia, miezi miwili baadaye anamfukuza kila mgeni hata akiwa mara mbili yake.

Dukani

Mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Asiyekula dukani usitegemee ataanza kula kwako, haijalishi muuzaji ataapa vipi. Angalia tumbo lisiwe limebonyea, macho yasiwe na ukungu, mapezi yasijibane mwilini, na apumue kwa utulivu, anayehema haraka haraka mwache. Samaki mmoja mgonjwa kwenye tenki lile la duka maana yake wote wana huo ugonjwa, maji ni yale yale. Uliza amekaa pale siku ngapi, aliyefika jana mlipie akae wiki nzima hapo hapo ndo umchukue.

Uliza pia chumvi yao inasoma ngapi. Maduka mengi yanashusha, 1.018 mpaka 1.020, kuokoa chumvi na kupunguza vimelea. Ukimtoa samaki 1.019 ukamtupa kwenye 1.025 papo hapo unamuumiza, kushuka chumvi anavumilia, kupanda ni lazima kwenda polepole kwa siku kadhaa.

Karantini

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayoua matenki. Kitenki cha lita 40, filta ya sponji uliyokuwa umeiloweka kwenye tenki kubwa ili ije na bakteria, vipande vya bomba la PVC wajifiche, hamna mawe hamna mchanga. Kila samaki akae humo wiki 4. Unachokitafuta ni vidoa vyeupe kama punje za chumvi, huyo ni Cryptocaryon irritans, au vumbi laini la dhahabu linalomfanya ahema kwa shida, Amyloodinium, ambayo inamaliza samaki ndani ya siku chache. Dawa ya shaba inatibu vyote viwili, ila shaba inaua kamba na konokono, kwa hiyo haiwezi kutiwa tenki kubwa. Vimelea vikishaingia tenki kubwa dawa ni kuwahamisha samaki wote na kuliacha bila samaki, wengi kwenye hobi hii wanahesabu siku 76.

Kumwingiza: mfuko uelee dakika 15 joto lilingane, kisha mrija mwembamba unaodondosha maji ya tenki kwenye ndoo aliyomo, matone mawili matatu kwa sekunde, nusu saa hadi saa moja. Ila kama kasafirishwa mbali, tuseme Mombasa hadi Kampala, usifanye hivi. Ndani ya mfuko amonia imejaa ila pH imeshuka kwa hewa chafu anayotoa, ukifungua tu ile hewa inatoka, pH inapanda na amonia nyingi zaidi inageuka sumu huku we unadondosha matone. Huyo unaandaa kitenki cha karantini chumvi ilingane na ya mfuko kabla hajafika, unalinganisha joto na kumhamisha fasta. Maji ya mfuko usimwage tenkini kamwe. Taa zizimwe mpaka kesho.

Wakigombana

Kukimbizana siku mbili tatu ni kawaida. Pezi lililochanika, samaki aliyejibanza kona ya juu nyuma ya pampu, au asiyekuja kula, hiyo siyo kawaida tena. Kabla ya kumwachia mgeni, mweke kwenye kikontena cha plastiki chenye matundu kikining'inia ndani ya tenki siku mbili, wenyeji wamzoee bila kumgusa. Siku ya kumtoa hamisha mawe matatu manne, kila mtu apoteze shimo lake waanze upya, na lisha sehemu mbili za tenki kwa wakati mmoja.

Ikishindikana anayetolewa ni mbabe, siyo anayepigwa, maana ukimtoa mnyonge mbabe atachagua mwingine. Wiki mbili akae kwenye kitenki cha karantini, akirudi yeye ndo mgeni. Kumkamata kwa wavu usijaribu, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo, igeuze iingie ndani kama dema, tia uduvi wa kugandisha, laza mbele ya mwamba muda ule ule unaowalisha. Mbabe ndo huwa wa kwanza kufika kwenye chakula.